Kichwa Hupimwa na Nywele Zake

Kila mwaka, Krismasi ikishapita, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wazazi wenzangu waliotawanyika Austria, Uswisi na kusini mwa Ujerumani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi, na jambo lao ni lile lile: shule imeleta barua, darasa zima linakwenda wiki ya skii, yaani kuteleza kwenye theluji, na kwenye orodha ya vitu vya mtoto imo helmeti. Wananiuliza mimi kwa kuwa majira ya baridi nafanya kazi kwenye duka la vifaa vya skii hapa Zell am See, mkoa wa Salzburg, na kutwa nzima nawavalisha watu helmeti na mabuti. "Dada, ninunue ipi? Ya yuro ngapi?"

Mimi huwauliza kwanza, "Mtoto kasukwaje?"

Wengi hudhani nabadilisha mazungumzo. Sibadilishi. Helmeti bora kuliko zote dukani haimfai mtoto ikiwa imekalia mabutu manne badala ya kukalia kichwa, na wauzaji wengi wa huku hilo haliwajii akilini, kwa sababu vichwa walivyozoea kupima vina nywele zinazolala. Watakupa namba iliyoandikwa kwenye boksi, watakaza mkanda, basi. Sisi wenye nywele zetu, na wanaovaa ushungi, inabidi tuende dukani tunajua tunachokitafuta.

Ukiigeuza helmeti ya skii na kubandua sponji za ndani, utakuta povu gumu, lile lile linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi lake. Hilo ndilo helmeti yenyewe. Gamba la plastiki la nje hutawanya kishindo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Sponji ni za joto na starehe tu. Kichwa kikigonga barafu, povu hubonyea, na katika kubonyea huko ndimo nguvu inamoishia badala ya kuingia yote kwenye fuvu na ubongo. Ili lifanye kazi hiyo lazima liwe limekizunguka kichwa kwa karibu, pande zote. Pakiwa na fundo la nywele utosini, helmeti hupanda, paji la uso na kisogo hubaki wazi, na mtu akianguka inateleza kurudi nyuma kabla hata povu halijapata cha kulibonyeza.

Kwa hiyo nywele kwanza. Twende kilioni ndiyo mtindo ninaoupenda kuliko yote kwa anayepanda mlimani. Mistari inalala kutoka pajini hadi kisogoni na helmeti inatua vizuri. Ila tazama mwisho wake. Mikia ikikusanywa na kufungwa fundo kisogoni, fundo linakutana na kile kidude cha kuzungusha kinachokaza helmeti kwa nyuma, na kuanzia hapo kidude kinakaza fundo, si kichwa. Mikia ishuke hadi shingoni, chini ya ukingo wa helmeti, ifungwe hapo. Rasta ndefu vivyo hivyo: zirudishwe nyuma na kufungwa chini, zisikunjwe na kurundikwa utosini. Mabutu yafumuliwe. Wigi livuliwe.

Na shanga. Najua namna watoto wanavyozipenda, na najua kuna mama aliyekaa jioni nzima akizitunga. Zitolewe zote zinazoweza kuingia chini ya helmeti. Ushanga ni kitu kigumu, na kitu kigumu kikikaa kati ya povu na fuvu hukusanya mahali pamoja nguvu ambayo helmeti ilikuwa inajaribu kuitawanya. Jambo jingine: mtoto asisukwe jioni ya kuamkia safari. Nywele zikiwa bado zimevutwa, kichwa kinamuuma, na mtoto anayeumwa kichwa hulegeza helmeti mwenyewe mara tu mwalimu anapogeuka.

Afro ina mambo yake. Dukani helmeti inabana sawasawa, muuzaji anafurahi, mteja anafurahi. Baada ya saa mbili za jasho nywele zimeshikana na kulala, na helmeti iliyobana asubuhi sasa inacheza. Mwenye afro namshauri asuke mistari mikubwa kabla ya kuja kupima. Kama hataki, namwacha na helmeti kichwani robo saa nzima huku akijaribu mabuti, kisha tunapima upya, na mara nyingi tunashuka saizi moja. Na huko mlimani akaze tena kidude kila baada ya mapumziko. Mwenye dredi nene ndiye anayenipa kazi kubwa zaidi, maana dredi hazilali wala hazifumuki. Yeye hupimwa hivyo hivyo alivyo, na tunatafuta helmeti yenye tundu refu kwa ndani, si pana.

Msimu mmoja aliingia dukani mama mtu mzima kutoka Muscat, na binti yake na mjukuu wa kike. Wageni wa Ghuba wengi huja Zell am See kiangazi kutazama ziwa na milima. Hawa walikuja kuiona theluji. Nilikuwa nimeinama napanga mabuti nikasikia Kiswahili cha Unguja, kile chenyewe. Nikainuka. "Shikamoo, bibi." Akageuka akanitazama, akashika kifua. "Marahaba, mwanangu. Kumbe hata huku mpo!"

Yule binti alikuwa amevaa ushungi wa kitambaa kinene uliokunjwa mara kadhaa na kushikizwa kwa pini pembeni mwa kichwa. Nilimpeleka kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tukaondoa pini, moja ilikuwa juu kabisa ya sikio, pale panjani ambapo fuvu la binadamu ni jembamba. Nikampa hijabu ya michezo, ya kitambaa chembamba kinachovutika, isiyo na pini wala mkunjo. Tukapima kichwa akiwa nayo, tukachagua helmeti akiwa nayo. Ilikaa vizuri mno. Hijabu ya namna hiyo haina tofauti na soksi nyembamba ya kichwani ambayo wachezaji wa skii wengi huivaa kwa ajili ya baridi. Tatizo ni mikunjo na pini. Kofia ya sufu nayo isivaliwe chini ya helmeti, kwa sababu hiyo hiyo.

Ikaja zamu ya mjukuu. Bibi akanishika mkono. "Mchukulie kubwa kidogo, mwanangu, imfae na mwakani." Nimekulia katika nyumba ambayo sare ya shule ilinunuliwa ya miaka mitatu mbele, kwa hiyo nilimwelewa kabisa. Sikubishana naye. Nilimvika mtoto ile kubwa, nikafunga mkanda, nikamwambia atikise kichwa kama anayekataa uji. Helmeti ilimshukia machoni, akacheka. Nikaisukuma kwa kidole kutoka mbele, ikaenda hadi kisogoni na paji lote la uso likabaki wazi. Bibi hakucheka. "Toa. Toa hiyo." Tukampa saizi yake.

Hili la kununua kubwa ndilo ninalolipigania kuliko yote kwa wazazi wetu. Kichwa cha mtoto kinakua, ni kweli, na helmeti ni ghali. Lakini usalama anaouhitaji ni wa wiki hii. Kama bei inauma, kodi. Maduka karibu yote ya milimani hukodisha helmeti za watoto, mengine huziweka ndani ya bei ya skii na mabuti, na mwakani mtoto anapata saizi mpya bila wewe kununua chochote. Wala si hiari: hapa Salzburg, kama ilivyo katika mikoa mingi ya Austria, mtoto wa chini ya miaka 15 lazima avae helmeti mlimani. Italia imekwenda mbali zaidi. Tangu Novemba 2025 sheria inamtaka kila mtu avae, mkubwa kwa mdogo. Kama shule yenu inavuka mpaka kwenda huko, na mwalimu naye atavaa.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Chukua tepu ya fundi nguo, ipitishe sentimita moja hivi juu ya nyusi, juu ya masikio, izunguke hadi pale kisogo kinapotokeza zaidi. Isibane, isilegee. Kwa kampuni nyingi, sentimita 51 hadi 55 ni S, 55 hadi 59 ni M, 59 hadi 63 ni L, ingawa kila moja ina jedwali lake. Namba hiyo inakuonyesha rafu ya kuanzia. Haikuambii helmeti itakukaa, kwa sababu watu wawili wenye sentimita 57 wanaweza kuwa na vichwa visivyofanana hata kidogo: mmoja wa mviringo, mwingine mwembamba kwa mbele na mrefu kwa nyuma. Helmeti za kampuni moja huwa na umbo lake, na kama umbo si lako, hakuna kukaza kutakakolirekebisha. Badilisha kampuni, usibadilishe saizi.

Ivae kidude cha nyuma kikiwa kimelegezwa na mkanda haujafungwa. Ukingo wa mbele uwe vidole viwili juu ya nyusi. Watu wengi huivaa nyuma mno ili sura ionekane, na kwa kufanya hivyo huacha wazi mahali panapogonga chini kwanza mtu akianguka kifudifudi. Sasa ishike kwa mikono miwili uizungushe kidogo kushoto na kulia. Mimi hutazama nyusi. Nyusi zikienda na helmeti, imeshika. Helmeti ikienda na nyusi zikabaki, ni kubwa. Baada ya hapo ndipo kidude kikazwe, nacho kiwe cha kumalizia tu. Ukikizungusha hadi mwisho ndipo helmeti ikashika, umechukua kubwa. Mkanda ufungwe chini ya kidevu, nafasi ya kupitisha kidole kimoja, na ukipiga mwayo mkubwa uhisi helmeti inavutwa chini kidogo.

Kisha kaa nayo. Zunguka dukani, zungumza, jaribu mabuti. Inayobonyeza sehemu moja ya paji la uso haitakuuma sasa hivi. Itakuuma baada ya nusu saa, ukiwa angani kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya kukupandisha mlimani. Ukiivua, angalia kwenye kioo: wekundu au alama iliyosambaa ni sawa, doa moja lililozama si sawa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi, kwa hiyo pitisha kidole uhisi. Vaa na miwani yako ya theluji pia. Ukingo wa juu wa miwani ukutane na ukingo wa helmeti bila kuisukuma na bila kuacha ufa, maana kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri ufa huo utakupa maumivu ya kichwa ambayo hutajua yametoka wapi.

Rangi, chagua unayoipenda. Mimi kwa watoto napenda rangi kali, huonekana kwenye ukungu.

Ndani ya helmeti, kwenye kibandiko kidogo, tafuta EN 1077. Hicho ndicho kiwango cha Ulaya cha helmeti za skii. Za Marekani na Kanada mara nyingi huandikwa ASTM F2040, na nyingi hubeba zote mbili. Isiyo na maandishi hayo usiinunue hata kama ni ya bure. EN 1077 ina daraja A na B. Ya A hufunika eneo kubwa zaidi na masikio yamo ndani ya gamba gumu. Ya B masikio yanafunikwa kwa kitambaa laini, ni nyepesi na unasikia vizuri. Helmeti nyingi za dukani ni B, na kwa mtoto wa shule anayetakiwa kumsikia mwalimu wake, B inatosha. Watoto waliomwona Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia hapa Austria na kuiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, huja wakitaka ile ya mashindano, ngumu hadi masikioni, yenye kibandiko cha FIS RH 2013, alama ya shirikisho la kimataifa la skii. Nafurahi mno wakimtaja. Lakini helmeti ile imetengenezwa kwa mwendo wa mashindano ya kasi, ni nzito, na anayejifunza kugeuka hana kazi nayo.

Utaona pia maandishi MIPS na bei iliyopanda. Ni teknolojia iliyotoka Stockholm, kazi ya daktari wa upasuaji wa ubongo Hans von Holst pamoja na watafiti wa chuo cha ufundi cha KTH. Mtu akianguka, kichwa hakigongi chini wima tu, mara nyingi kinagonga kwa mshazari na kuzungushwa ghafla, na ubongo unajisokota ndani ya fuvu. Ndani ya helmeti ya MIPS kuna tabaka jembamba la plastiki, mara nyingi la njano, linaloiruhusu helmeti iteleze milimita kama 10 hadi 15 juu ya kichwa wakati wa kishindo ili kupunguza huko kuzungushwa. Naiamini, na ya mwanangu inayo. Ila kati ya yenye MIPS inayopwaya na isiyo nayo inayokaa, chukua inayokaa.

Hapa kuna jambo ambalo huwa nawaeleza wateja polepole, hasa vijana. Katika kipimo cha EN 1077 helmeti hudondoshwa kutoka mita 1.5 juu ya chuma, yaani hugonga ikiwa na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Cha Marekani ni mita 2, kama kilomita 22. Hicho ni kishindo cha mtu aliyeteleza akapiga kichwa kwenye barafu, au aliyegongwa na mwenzake anayejifunza. Si kishindo cha kuupiga mti kwa kilomita 50. Michael Schumacher, bingwa wa mbio za magari, alikuwa amevaa helmeti tarehe 29 Desemba 2013, alipoanguka Méribel, Ufaransa, akagonga mwamba, na ubongo wake ukaumia vibaya. Mwigizaji Natasha Richardson hakuwa nayo Machi 2009 huko Mont Tremblant, Kanada. Alianguka kwenye njia ya wanaojifunza, akasimama, akasema yuko sawa. Siku mbili baadaye alifariki, kwa damu iliyovuja ndani ya fuvu.

Naviweka visa hivi viwili pamoja kila mara kwa sababu watu huchukua kimoja tu. Anayechukua cha Schumacher husema helmeti haina faida. Anayechukua cha Richardson hudhani akishaivaa hakuna la kumpata. Kuanguka kwa kawaida, kule kunakotokea kila siku kwenye njia nyepesi, ndiko helmeti inakokusaidia hasa. Mwendo mkali unabaki juu yako. Na mtoto akigonga kichwa, helmeti au si helmeti, akianza kutapika, kusinzia isivyo kawaida, kuchanganya maneno au kulalamika kichwa kinazidi kuuma, apelekwe hospitali siku ile ile. Mwambie na mwalimu wake hivyo kabla hawajapanda basi.

Povu likishabonyea halirudi. Helmeti iliyopigwa kwa nguvu imekwisha, hata kama gamba la nje linang'aa na huoni ufa. Ndiyo maana siipendi ya mtumba ambayo hujui ilikopitia. Hata isiyopigwa huchoka kwa jua, jasho na baridi, na watengenezaji wengi hushauri ibadilishwe baada ya miaka mitatu hadi mitano. Usiiache kwenye gari juani, usiipake rangi ya kopo, na mafuta ya nywele yakishaingia kwenye sponji, zitoe uzifue kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu, zikauke kivulini.

Mdogo wangu anaendesha bodaboda Tanga. Aliposikia kwamba duka letu huondoa helmeti za zamani kila mwisho wa msimu, aliniomba nimkusanyie, za kwake na za wenzake wa kijiweni. Nilimkatalia, na ilinilazimu nimweleze kwa kirefu ili asidhani nawanyima. Helmeti ya pikipiki iliyopimwa kwa kiwango cha ECE 22.05 hugongeshwa kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, kilomita 27 kwa saa. Tofauti na ya skii inaonekana ndogo, lakini nguvu ya kishindo hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ni karibu mara mbili. Tena hizi zetu zilikuwa zimeondolewa dukani kwa sababu zimechoka. Kumvika dereva wa bodaboda kitu kinachofanana na kinga, halafu kikamwacha kwenye lami ya barabara ya Pangani, sitaki.

Nilimtumia hela anunue ya pikipiki, yenye kile kibandiko cha herufi E ndani ya duara kilichoshonwa kwenye mkanda wake. Zile za dukani msimamizi wetu hukata mikanda kabla ya kuzitupa, asije mtu akaiokota moja akaivaa, na mimi humsaidia kukata.